Vigingi Vilivyohama

Kibali cha kujenga msikiti wa Calder, Tennessee, kilisimamishwa Jumatatu saa tatu na dakika kumi asubuhi, na kabla ya saa nne magari ya televisheni yalikuwa yamejaa mpaka kwenye shamba la mahindi la jirani. Sajini Loretta Tidwell wa ofisi ya sherifu aliacha gari lake mbali, akatembea kwa miguu katikati ya kelele. Upande wa kushoto wa barabara walisimama waliokuja kuwatetea Waislamu wa kaunti, upande wa kulia waliokuja kuwataka warudi kwao. Daktari Iyad Shammout, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, alikuwa ameziba meno ya watu wa pande zote mbili.

Ndiye aliyempokea getini. Tai ilikuwa imepinda, na simu ilikuwa bado mkononi.

"Sajini, wametuhujumu! Wameingia kiwanjani wakang'oa vigingi vyote vya kupimia msingi wakavipiga upya. Kesho tulikuwa tumwage zege!"

"Pole, Daktari. Nani amevigundua?"

"Mimi," alijibu mtu mnene nyuma yake. Alikuwa Harold Lyle, mkaguzi wa majengo wa kaunti, na alikuwa na uso wa mtu aliyetamani angeugua siku hiyo. "Nimekuja kupima kabla hawajamwaga zege. Kona ya mashariki ya jengo imeingia kwenye hifadhi ya barabara futi kumi na moja na inchi mbili. Sheria ni sheria, Loretta. Ningefanya nini?"

"Ulikuwa umepangiwa kuja leo?"

"Nilikuwa nije kesho. Nimewahi kwa sababu ya hii."

Akampa karatasi. Ilikuwa fomu ya malalamiko, ya kiapo, imeandikwa kwa mkono wenye herufi kubwa kubwa: kona ya mashariki ya jengo imevuka hifadhi ya barabara kwa futi kumi na moja. Juu kulikuwa na muhuri wa kupokelewa, Alhamisi. Chini kulikuwa na sahihi ya Wendell Crabtree, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambaye wiki hiyo alikuwa akigombea kiti katika baraza la kaunti kwa ahadi moja tu, kwamba msikiti hautajengwa. Tidwell aliikunja fomu akaitia mfukoni.

"Baraza linakutana saa nane mchana," alisema Shammout. "Wakikifuta kibali leo, itabidi tuombe upya, na ombi jipya litasubiri uchaguzi upite. Crabtree akishaingia, unajua kitakachofuata. Tuna familia mia mbili na hamsini, Sajini, zinazoswali kwenye ghala la kukodi nyuma ya gereji. Miaka tisa!"

"Nina saa nne, basi," alisema Tidwell. "Nipishe nifanye kazi."

Alianzia pembeni. Kando ya uzio palikuwa na alama za matairi mapana ya pikapu, makopo ya bia na ute mweusi wa tumbaku ya kutafuna. Mpiga picha mmoja alikuwa keshapiga magoti anayapiga picha makopo. Shammout naye aliyaona.

"Si unaona? Hao hao!"

Tidwell aliziinamia alama. Zilikuwa kavu, na juu yake zilipita nyayo za viatu vya jana, siku ambayo wapinzani walishinda mchana kutwa nje ya uzio wakiimba nyimbo za kanisani. Hakuna tairi lililoingia ndani ya geti. Alisimama akajipangusa magoti.

"Hawa walikunywa bia," alisema. "Kunywa bia nje ya uzio ni uchafu tu."

Ndipo akakiendea kigingi cha kwanza, na hapo ndipo udadisi ulipoanza kumshika. Kigingi kilisimama wima, kimegongwa kichwani taratibu bila kupasuliwa. Vilivyobaki vilikuwa hivyo hivyo. Hatua chache kutoka pale alitafuta vilikotolewa, akapata mashimo ya zamani yamefukiwa na kushindiliwa kwa kisigino mpaka udongo ukawa sawa na uwanja.

"Harold, njoo uone. Umewahi kukamata mhuni anayefukia mashimo?"

Lyle alichuchumaa. "Hata mafundi wangu hawafukii."

"Kigingi cha kona ya kaskazini ndicho peke yake hakikuguswa. Vingine vyote vimezungushwa kutoka hapo. Kona zake zikoje?"

"Nimezipima. Mraba kabisa. Hakuna hata nusu inchi iliyokosea."

Wakatazamana. Mwenye chuki huvunja, huchoma, huandika matusi ukutani. Huyu alikuja na nyundo, akaligeuza jengo zima kama mtu anavyogeuza meza sebuleni, na kabla ya kuondoka akahakikisha meza haikwenda upande.

Penye kila kona palikuwa na vitundu vitatu vidogo vya msumari. Tidwell aliijua hiyo. Baba yake alikuwa mjenzi, na kila mjenzi hupata mraba kwa kamba, tatu upande huu, nne upande ule, na mkingamo wa kuunganisha ncha hizo mbili ukifika tano, umepata. Alitoa tepu yake akapima kutoka kitundu hadi kitundu.

"Futi tisa na inchi kumi," alisema. Akapima upande wa pili. "Kumi na tatu na inchi moja na kitu." Akapima mkingamo. "Kumi na sita na tano. Hebu niambie, Harold, fundi gani wa hapa anafanya kazi kwa hesabu za kijinga namna hiyo?"

"Hakuna. Sisi sita, nane, kumi. Futi."

Tidwell aliigeuza tepu upande wa pili, ule wenye namba ndogo nyeusi ambazo kaunti nzima haikuwa na haja nazo. Akapima tena, na safari hii akacheka kwa sauti hata watu wa getini wakageuka.

"Mita tatu. Mita nne. Mita tano. Juu ya alama!"

Alimvuta Shammout mkono mpaka kwenye kivuli cha tingatinga, mbali na masikio ya waandishi.

"Daktari, mpango wenu ulikuwa jengo litazame wapi?"

"Kaskazini mashariki. Ndiko kibla kutoka hapa."

"Na vilivyo sasa?"

Shammout alivitazama vigingi. Akanyoosha mkono mmoja, akaugeuza kidogo, halafu akaushusha. Rangi ikamtoka. Akakaa juu ya mfuko wa saruji bila kujali suti.

"Mashariki," alisema. "Mashariki, na kusini kidogo. Ya Rabi."

"Kwenye jumuiya yenu kuna mwashi aliyejifunza kazi kwa mita, na asiyekubaliana na kibla chenu. Anaitwa nani?"

"Sajini, nakuomba."

"Jina."

"Mam Sherzad. Sherzad Barwari. Mam ni kwa Kikurdi, yaani ami, wote tunamwita hivyo. Amegombana na sisi miaka miwili. Kwenye ramani ya ukutani Makka iko chini kulia, anasema, ninyi mnatupeleka juu. Nilimfungulia kompyuta, nikamwonyesha hesabu, akaniambia nikang'oe meno." Alimshika mkono wa shati. "Ukisema hili mbele ya baraza tumekwisha. Watasema tumevunja sheria wenyewe halafu tukawasingizia wao. Na tumeshawasingizia! Nimezungumza na televisheni tatu!"

"Ungeningoja kabla ya kuzungumza na ya kwanza," alisema Tidwell. "Mimi sichagui jibu, Daktari. Anakaa wapi?"

Sherzad Barwari alikuwa na miaka sabini na minne, mikono mipana yenye nyufa, na kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata joto la Tennessee likipanda namna gani. Aliitazama beji, akaitazama saa ya ukutani, akaenda kuweka birika.

"Mzee Barwari, sina muda wa chai."

"Polisi wa Saddam nao hawakuwa na muda. Kaa, binti. Kunywa kwanza."

Akakaa. Chai ilikuja katika gilasi ndogo, nyeusi, na sahani ya kulicha, biskuti za Kikurdi zenye tende. Alikunywa huku ulimi ukiungua.

"Vigingi vya msikiti," alianza.

"Nimevihamisha mimi."

Tidwell alikuwa ameandaa maswali sita. Yote yakapotea.

"Hukatai?"

"Nikatae nini? Nimefanya kazi nzuri. Umezipima kona?"

"Nimezipima."

"Enhe." Mzee alijaza gilasi tena, ameridhika. "Walikuwa wanatuelekeza Kanada. Mimi mtu mzima, nimejenga misikiti minne kule kwetu Duhok, nife nikiwa nimesujudia Kanada? Mungu ataniuliza mimi, hatamuuliza daktari wa meno."

"Ulivihamisha lini?"

"Jumamosi, baada ya alfajiri. Hapakuwa na mtu."

"Una hakika? Haikuwa Jumatano?"

"Binti, Ijumaa baada ya swala nilikwenda kusimama pale kwa hasira, vilikuwa palepale vilipokosewa. Jumamosi nikaenda na nyundo. Unataka nikuapie?"

Tidwell aliweka gilasi chini. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyesikia namba zake zikisomwa kwenye bahati nasibu. Alitoa ile fomu mfukoni akaikunjua mezani. Muhuri ulikuwa palepale asubuhi nzima, naye alikuwa ameupita kama mtu anavyopita kibao cha barabara ya mtaani kwake. Alhamisi. Futi kumi na moja.

"Nani mwingine alijua kama utavihamisha?"

"Hakuna. Rafiki yangu tu." Uso wa mzee ulifunguka. "Yule wa duka la vifaa. Wiki tatu sasa nakwenda kunywa kahawa kwake. Ninyi Wamarekani mna haraka, lakini yule anasikiliza. Nilimweleza habari za kibla, kwamba hakuna anayenisikia. Akasema, mzee, wewe ndiye unayejua. Jumatano akanichorea."

Alifungua droo, akatoa ramani ya dunia iliyokunjwa mara nne. Mstari wa penseli ya buluu, ile pana ya maseremala, ulitoka Tennessee hadi Makka kwa rula. Pembeni, kwa penseli hiyo hiyo, palichorwa kiwanja cha msikiti. Kona ya kaskazini ilizungushiwa duara, na mshale ukaonyesha jengo lote lizunguke kwenda wapi.

"Hata kona ya kushikilia alinionyesha yeye. Na kamba akanipa bure." Aliitoa pia, kibonge cha kamba ya njano, akakiweka juu ya ramani kwa heshima. "Mister Wendell. Mtu mwema sana."

Tidwell alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa akikaa benchi moja kanisani na mke wa mtu huyo mwema.

"Mzee, unajua Mister Wendell anagombea nini?"

"Siasa za hapa sizifuatilii. Kusoma kwenu kunanisumbua macho."

"Utakuja kwenye baraza leo uwaeleze kama ulivyonieleza mimi?"

"Nitakuja! Kwa furaha! Nitawaambia vigingi sasa viko sawa, visiguswe."

Hapo ndipo Tidwell alipokwama. Ushahidi alikuwa nao mkononi, lakini shahidi wake angesimama mbele ya kamera kutetea uvunjaji wa sheria kwa moyo mmoja, na kibali kingekufa hapo hapo. Kumfundisha shahidi la kusema hakuruhusiwi, na hakupenda. Saa ya ukutani ilisema saba na robo. Alitupa macho chumbani, na kwenye rafu, kati ya madaftari ya wajukuu, akaona dunia ya plastiki, ile ya mviringo ya darasani.

"Mimi ni Mbatisti, mzee, kibla si kazi yangu. Lakini baba yangu alikuwa mjenzi. Nikitaka njia iliyonyooka kati ya kona mbili, nifanye nini?"

"Vuta kamba. Mtoto anajua."

"Nivutie basi. Kutoka hapa mpaka Makka." Akamwekea ile dunia mapajani.

Mzee alimtazama kama mtu anayechezewa. Alikata kipande cha kamba, akabana ncha kwa kidole gumba juu ya Tennessee, akatafuta Makka, akavuta. Kamba ilikaza. Ilipokaza iliteleza yenyewe, ikapanda juu, ikapita ukingo wa Kanada, ikavuka bahari, ikashuka Misri na kutua.

Akaiachia. Akaipitisha tena, safari hii akiisukuma kwa kidole ifuate kusini, kama mstari wa buluu. Kamba haikufika. Ilibidi aongeze upana wa vidole viwili. Akavuta mara ya tatu, polepole, amefumba jicho moja kama afanyavyo fundi, na mara ya tatu kamba ikarudi kaskazini mashariki.

Chai ilipoa.

"Daktari alinifungulia kompyuta," alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Kwa nini hakunipa kamba?"

"Sijui, mzee."

"Nimeligeuza jengo la Mungu." Aliivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. "Niletee koti langu, binti. Lile la sikukuu."

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka kwenye ngazi. Tidwell aliingia na mzee saa nane na dakika ishirini, akamketisha nyuma ya nguzo, wakati Crabtree anamaliza kuapa. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti tamu, na shati lake jeupe lilipigwa pasi vizuri. Hakuwa na neno na dini ya mtu, alisema. Yeye alitetea sheria tu, na barabara ya wote. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi.

Mwenyekiti wa baraza, Bi Maxine Odom, aligonga nyundo. "Ofisi ya sherifu ina ripoti. Sajini?"

"Nina swali moja kwanza kwa Bwana Crabtree, ukiniruhusu. Wendell, hizi futi kumi na moja, ulizipima mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu na tepu yangu, Bi Loretta. Mama yako alinifahamu, mimi sibahatishi."

"Siku gani?"

"Alhamisi asubuhi. Nikaja moja kwa moja kuandikisha. Muhuri upo."

"Muhuri upo," Tidwell alikubali. "Na vigingi vimehamishwa Jumamosi. Basi una tepu inayopima kesho kutwa."

Kicheko kililipuka upande wa kushoto, upande wa kulia ukaanza kuzomea, na Bi Odom aligonga mpaka glasi yake ya maji ikahama. Crabtree alitabasamu, lakini shingo ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Hayo ni maneno ya nani? Nani anasema Jumamosi?"

"Mimi."

Mzee alikuwa amesimama. Alipita katikati ya benchi polepole na koti lake la sikukuu, na kamera zote zikamgeukia. Shammout, kwenye benchi la mbele, alijifunika uso kwa viganja.

"Naitwa Sherzad Barwari. Vigingi nimehamisha mimi, peke yangu. Kamati haikujua. Hawa watu wa mabango hawakuvigusa, na tumewasema vibaya, tunaomba radhi. Nilidhani najua kibla. Nimekosea. Leo nimevuta kamba nikaona."

"Mmesikia?" Crabtree alirukia. "Wao wenyewe! Wamevunja sheria wao wenyewe, halafu..."

"Mister Wendell?"

Nyuma ya nguzo, katika kelele zile, mzee alikuwa hajamtambua mpaka sasa. Alimkodolea macho, akautazama ule umati unaompigia makofi, akalitazama bango lenye jina lake kubwa. Akatoa ramani kutoka ndani ya koti, akaifungua ili watu waone mstari wa buluu na ile kona iliyozungushiwa duara.

"Hii umenichorea wewe. Ulijua kama itafika barabarani?"

Bi Odom aliiweka nyundo chini.

"Jibu swali la mzee, Bwana Crabtree," alisema. "Bado uko kwenye kiapo."

Crabtree akamtafuta wakili wake kwa macho. Wakili alikuwa anasoma simu.

Kura ilichukua dakika nne. Kibali kilirudishwa kwa kura tano dhidi ya mbili, kwa sharti vigingi virudishwe mahali pake mbele ya mkaguzi kesho saa tatu asubuhi, na Lyle akasema atakuwepo saa mbili. Watu walikumbatiana, wengine walilia, mama mmoja wa Kisomali akapiga kigelegele hata mpiga picha akashtuka. Shammout aliruka benchi kama kijana, akaenda kumshika Mam Sherzad mabegani.

Tidwell alisubiri kelele zipungue ndipo akamwendea Crabtree mezani, akamwekea mbele hati ya kuitwa kujibu kosa la kusema uongo chini ya kiapo.

"Kuhamisha vigingi kwenye kiwanja cha jumuiya yako ni ubishi tu, Wendell," alimwambia. "Hili ni jinai."

Crabtree hakuigusa hati. Alikuwa anamtazama mzee, aliyekuwa anakuja taratibu akipekua mfuko wa koti. Mam Sherzad alifika, akakitoa kile kibonge cha njano, akakiweka juu ya hati.

"Kamba chukua," alisema. "Kahawa ndiyo siwezi kukurudishia."